Kampala, Kiswahili Huvaa Magwanda

Ukizaliwa Tanga unazoea kusifiwa Kiswahili chako. Unaenda Mwanza harusini, unafungua mdomo kuomba chumvi, mtu wa pembeni anasema, "Huyu wa pwani huyu," nawe kichwa kinavimba kidogo. Nilipokuja kusoma Kampala nilikuja na kichwa hicho hicho. Nikamsimamisha bodaboda pale Wandegeya, nikamwambia kwa upole wote niliofundishwa nyumbani, "Samahani kaka, naomba unifikishe Kikoni, itakuwa shilingi ngapi?" Yule kijana akaketi sawasawa kwenye pikipiki, akazima redio, akasema, "Sawa, afande."

Nilidhani ananitania. Nauli aliyonitajia ilikuwa ya chini kuliko niliyotajiwa siku yoyote kabla ya hapo, na njia nzima hakusema neno.

Mwenzangu wa chumba pale hosteli, Mganda wa hapa hapa mjini, alipoisikia alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba Kampala anayeongea Kiswahili kilichonyooka, asiyebabaika, huwa ni mmoja kati ya watu wanne: mwanajeshi, polisi, Mkongo au mwizi. "Na wewe hufanani na Mkongo," akaongeza.

Basi ilipofika ile wiki ya kujisomea, vipindi vimekwisha na mitihani haijaanza, nikaamua nusu ya siku ni ya madaftari na nusu ni ya mji. Kampala nilikuwa naijua kwa njia ya mwanafunzi: hosteli, darasa, maktaba, duka la fotokopi, banda la rolex. Kama hujawahi kuila, ni mayai yaliyokaangwa na nyanya na kabeji, yakaviringishwa ndani ya chapati ya moto. Kwa njia hiyo unaweza kumaliza shahada bila kujua umeishi wapi. Mwenzangu akakubali kuwa mwenyeji wangu, kwa sharti kwamba nauli ni juu yangu.

Nauli yenyewe si mchezo, maana mji huu umekaa juu ya vilima. Teksi zao ndizo daladala zetu, zile Hiace nyeupe zenye miraba ya buluu ubavuni, na nyingi zinaishia bondeni, kwenye Old Taxi Park au vituo vya jirani yake. Unakiona kilima unachokwenda, kipo hapo mbele ya macho, lakini lazima kwanza ushuke mpaka chini kwenye zogo, ubadilishe gari, ndipo upande tena. Kondakta humwambii "shusha". Unasema "maaso awo", naye anagonga bati. Hilo nililijua kabla ya kujua salamu.

Tulianza na Msikiti wa Taifa, kilima cha Old Kampala. Ulianza kujengwa zama za Idi Amin, ukakwama miaka na miaka, ukaja kumalizwa kwa fedha za Muammar Gaddafi wa Libya, na watu wa mjini mpaka leo wanauita wa Gaddafi ingawa jina rasmi lilishabadilika. Mimi nilikuwa na baibui langu, sikusumbuliwa. Mwenzangu alikuja na jinzi. Nikamtolea kanga kwenye mkoba, kwani mwanamke wa Tanga hatoki bila kanga ya akiba, akajifunga kiunoni na kuulalamikia mlango mzima.

Mnara una ngazi zaidi ya 300, za kuzunguka, na katikati ya njia unaanza kujiuliza nani alikutuma. Juu, upepo. Kijana aliyetutembeza alikuwa mtu wa Kibuli, akatupokea kwa salamu ya Kiislamu na Kiswahili safi kabisa, na hapo hakuna aliyemwita mwenzake afande. Akatuonyesha kwa kidole. Kule Namirembe, kuba la Waanglikana. Kule Rubaga, minara miwili ya Wakatoliki. Kibuli ya Waislamu upande ule. Mengo ya Kabaka, mfalme wa Buganda, hapo katikati. Na hapa tuliposimama ndipo Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alipojenga boma lake mwishoni mwa mwaka 1890. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana hapo chini, na Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim. Ukitazama kutoka juu unaelewa kwa nini kila dini ilitaka kilima chake, na kwa nini kila mmoja alitaka kumwona jirani yake amelala saa ngapi.

Lakini lililonikaa ni jingine. Yule kijana alisema Uislamu uliingia ikulu ya Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Ssuuna, na mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim. Njia yake unaijua kama umesoma historia ya kidato cha pili: pwani, Tabora, Karagwe, Buganda. Njia hiyo ndiyo ilikuwa ya pembe na ya nguo, na watu walioipita walikuwa wakiongea lugha ninayoandikia hapa. Mwingereza hajafika bado. Nikashuka ngazi zile zote nikihesabu karne badala ya vidato.

Kwa sababu hiyo Kasubi niliiendea na swali: je, Kiswahili nacho kiliingia mpaka ikulu? Kasubi ni makaburi ya makabaka, na yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Machi 2010 nyumba kuu iliteketea kwa moto. Watu wa makamo wanakuambia walikuwa wapi usiku ule. Ujenzi ulichukua muda mrefu, na 2023 UNESCO ikayatoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Unaingia kwa nyumba ya walinzi iitwayo Bujjabukula, kisha uwanja unafunguka, na mbele yako kuna paa. Nasema paa kwa sababu ukuta huuoni. Nyasi zimeshuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, nene kuliko urefu wa mkono wangu, zimekatwa ukingoni kwa unyoofu ambao fundi wa makuti wa kwetu angesimama kuutazama. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye peke yake. Mtu wa ukoo mwingine hata awe fundi namna gani hapandi. Ndani dari limeshikwa na pete 52, kila pete kwa ukoo mmoja wa Buganda, na mahali makabaka walipolala hukingwa kwa pazia la magome ya mti wa mutuba. Hawasemi kaburi. Wanasema msitu, na kabaka hafi, ameingia msituni. Kanga yangu ikapata kazi tena kiunoni kwa mwenzangu, safari hii bila malalamiko.

Wanne wamelala hapo. Muteesa I, aliyejenga ikulu hii mwaka 1882. Mwanae Mwanga, aliyepigana na Waingereza, akakimbilia Buhaya upande wa Wajerumani mwaka 1897, na mwishowe akafia uhamishoni Shelisheli. Daudi Chwa. Na Muteesa II, aliyefia London 1969.

Huyu Muteesa wa kwanza ndiye jibu la swali langu. Alikuwa akifunga Ramadhani, akasoma herufi za Kiarabu, na Kiswahili alikisikia na kukisema. Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipofika kwake 1875 alimwachia kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, amsomee Biblia. Kwa lugha gani? Kiswahili. Yaani neno la Mungu, la Waislamu na la Wakristo, lilipita mlango huu likiwa na lafudhi ya kwetu. Halafu tazama mambo: mjukuu wake, Daudi Chwa, mwaka 1929 aliandika waraka kupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kukifanya Kiswahili lugha ya shule na ofisi. Aliona kitaimeza Luganda, na Buganda pamoja nayo. Simlaumu. Gavana wa Kizungu akikuletea lugha ya jirani kwenye faili, utaiona kama faili, hutaiona kama lugha. Kiswahili kikakosa shule, kikabaki jeshini na polisi. Huko ndiko kilikovalishwa magwanda.

Mjukuu na babu wamelala chini ya paa moja, na juu ya jambo hili wangebishana mpaka asubuhi.

Tukala Mengo. Mahali pa kula pa kawaida hapa huulizwi unataka wali au ugali. Unaulizwa mchuzi: maharage, nyama, samaki, karanga? Bei ni ya mchuzi. Vilivyobaki vyote vinaitwa chakula, na vinakuja pamoja kwenye sahani moja: matoke kwanza, bonge la njano linalotoa mvuke na harufu ya jani la mgomba, kisha wali, kipande cha boga, kiazi kitamu, na posho, yaani ugali wao, kidogo pembeni ili usije ukasema umenyimwa. Mchuzi wa karanga wao ni wa rangi ya waridi iliyofifia na mzito, unamwagwa juu ya matoke. Mimi mtu wa samaki na nazi, lakini huo mchuzi nimesalimu amri. Mama muuzaji aliponisikia naongea na mwenzangu aliniongezea boga, sijui kwa ukarimu au kwa tahadhari.

Makumbusho ya Uganda yalinipa saa moja tu, na mengi ni ya kupita. Nenda kwa ajili ya ngoma na zeze, na kwa jengo lenyewe, la 1954, lililochorwa na Mjerumani Ernst May, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkulima Tanganyika. Jengo la KNCU, chama cha ushirika cha Kilimanjaro, pale Moshi ni la mkono wake pia.

Jengo kuu la Makerere sikuhitaji kulitafuta, lipo. Liliungua Septemba 2020, likajengwa upya kwa sura ile ile, likafunguliwa tena 2024. Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 mpaka 1945, na kila mgeni anayetoka kwetu lazima apigwe picha hapo mbele. Karoli, wale korongo wakubwa wenye vipara, wanasimama juu ya miti na kuwatazama wapigaji picha kwa dharau. Angalia unaposimama.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa bibi wa mwenzangu. Anaishi nyuma ya Mengo, si mbali na Lubiri, ikulu iliyoshambuliwa Mei 1966 na jeshi la Rais Obote, kamanda akiwa Idi Amin. Kutoka ikulu hadi Bulange, lilipo bunge la Buganda, kuna barabara iliyonyooka, na katikati yake mzunguko wa magari uliotobolewa njia: sisi wote tunazunguka, Kabaka anapita moja kwa moja. Nililipenda hilo kuliko nilivyotarajia. Lililo ndani ya ua wa Lubiri, vile vyumba vya zege ambako watu wa Amin walifungia na kuua, sikulipenda, nikatoka mapema.

Bibi alikuwa amekaa mkekani barazani. Mwenzangu akapiga magoti kusalimia, nami nikapiga. Salamu za Kiganda ni ndefu, unaulizwa ulivyolala na ulivyoshinda na wa nyumbani nao walivyoshinda, huku kila mmoja akiitikia kwa mguno wa chini. Zilipokwisha akauliza natoka wapi. Mwenzangu akamwambia Tanzania.

"Mukombozi!" Akapiga makofi.

Hapa watu waliishi na wanajeshi wetu wa Tanzania, na hilo ndilo jina walilowapa, bakombozi. Mimi vita vya Kagera nimevisoma shuleni: Amin amevamia Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere ametoa ile hotuba ya uwezo na sababu na nia, majeshi yamevuka mto, na Aprili 11, 1979 Kampala imeanguka. Mwalimu wa historia anafunga kitabu, kengele inalia. Bibi yeye alianzia hapo tulipofungia.

Alisema waliingia kwa miguu, kwa mistari pande mbili za barabara, vumbi mpaka kwenye kope. Watu wakatoka na matawi, wakiimba. Mmoja alisimama getini kwake, akaomba maji, akasema asante kabla ya kunywa na asante baada ya kunywa. Akawapikia matoke. Wakala kidogo, kwa adabu, kisha wakauliza kama hakuna ugali. Hapo alicheka mpaka machozi, na mimi nikaona haya kwa niaba ya taifa zima.

Nikamwuliza anajua Kiswahili kiasi gani. Akakohoa, akakaa sawa, akaanza, kama mtoto anayetoa shairi mbele ya darasa: "Mikono juu. Lala chini. Leta kitambulisho. Panda gari."

Mwenzangu alikuwa amekwisha kuacha kutafsiri. Hapakuwa na cha kutafsiri. Panda gari ni jina la misako ya miaka ya mwanzo ya 1980, serikali ya pili ya Obote, wanajeshi wakizingira mtaa na kuwapakia watu kwenye malori. Wengine hawakurudi. Bakombozi walikuwa wameshaanza kuondoka, na wa mwisho waliondoka 1981, lakini lugha ilibaki.

Bibi akasema, na haya mwenzangu aliyatafsiri polepole: "Waliotukomboa walisema Kiswahili. Waliotupakia kwenye magari walisema Kiswahili. Masikio yangu yangewatenganishaje?"

Nikamwambia kwetu watoto wanabembelezwa kwa Kiswahili. Akaniomba nimwonyeshe. Nikamwimbia kipande cha wimbo wa kumlaza mtoto ambao mama alikuwa akituimbia, bila sauti nzuri, huku majirani wawili wakichungulia juu ya ua. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza yale maneno yana maana gani, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akamwambia mjukuu wake kitu kwa Luganda. Tulipokuwa njiani nikauliza alisema nini. "Amesema hajawahi kukisikia hivyo."

Nadhani kitabu chetu cha historia kimetupunja. Hakikutudanganya, lakini kutufundisha kwamba ukombozi ulikamilika Aprili 1979 ni sawa na kumwambia bibi yule kwamba yaliyofuata hayatuhusu. Hata Masaka, ambako basi letu kutoka mpakani Mutukula husimama watu wanyooshe miguu, majeshi yetu yaliibomoa vibaya Februari ile kulipiza yaliyofanywa Kagera. Mimi nimepita hapo nikila gonja, ndizi ya kuchoma, sijui kitu.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi kwenye madaftari nilikwenda Kikuubo kununua begi. Kikuubo ni uchochoro wa maduka ya jumla kati ya vituo vya magari, mahali ambapo ukisimama kufikiri unapigwa kikumbo na mbeba mzigo, na ni haki yake. Hapo nilikutana na Kiswahili kingine. Wamama wa Kongo waliokuja kufunga mzigo wa vitenge wanauliza "iko falanga ngapi?" na muuzaji Mganda anawajibu papo hapo, hana sarufi wala haya, na anataja bei, anapunguza, anaapa, anaita kijana alete gauni jingine, vyote kwa Kiswahili. Wa Sudan Kusini naye anaingia na chake cha Kiarabu cha Juba, wanaelewana. Nikauliza bei ya begi kwa Kiswahili changu cha Tanga. Muuzaji akanitazama juu hadi chini. Sikuitwa afande. Nikatajiwa bei ya mara mbili, nikajua nimefika nyumbani.

Idi Amin alitangaza Kiswahili lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973. Katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kitumike rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Wanafunzi wenzangu hapa wanalitaja jambo hilo kama wanavyotaja mvua ya mwaka juzi. Mimi ningekuwa na usemi ningeanza na wauza vitenge na wale vijana wa Kibuli, niwape chaki, halafu ndiyo waje maprofesa na istilahi zao. Amri za kutoka juu zimeshajaribiwa hapa, na bibi wa Mengo anazikariri zote nne.

Namugongo sijafika. Naiachia Juni 3, siku ya mashahidi wa Uganda, maana jirani yetu wa Tanga, Mkatoliki wa nguvu, anakuja na basi la hija la parokia na ameshanipigia simu nimtafutie pa kulala karibu na kanisa. Nimeanza kuulizia Kyaliwajjala. Bei zimeshapanda, na kila ninayempigia, nikisema tu "habari za asubuhi", anauliza kwanza kama ni mambo ya usalama. Nimemkabidhi simu mwenzangu wa chumba.